Mshipa ukichubuka kwa ndani: majibu ya barua zenu

Toleo lililopita niliandika sentensi moja tu, kwamba kila puto la kuzibulia mshipa na kila stenti (kijibomba cha wavu kinachoachwa ndani kuuweka mshipa wazi) inayopita ndani ya mshipa wa damu inaacha kidonda nyuma yake. Barua zimemiminika, nyingine za hofu kabisa, na nawaomba radhi walioshtuka maana nilitakiwa nieleze, sio kutupa neno na kupita. Basi leo safu nzima ni ya jambo hilo hilo. Majina nimeyaacha na barua ndefu nimezipunguza.

Swali: Shikamoo dokta. Baba yangu ana miaka 63. Alizibuliwa mshipa wa moyo kwa puto, akawekewa stenti ya chuma cha kawaida, ile isiyo na dawa. Alirudi nyumbani mzima, ngazi anapanda mwenyewe. Mwezi wa sita kifua kikaanza kubana tena, wamepiga picha wakakuta pamejibana palepale penye stenti. Mama anasema baba amekula ovyo, shangazi anasema hospitali waliharibu kazi. Nyumbani hakuna amani. Nani mwenye makosa?

Jibu: Marahaba mwanangu, na poleni sana. Kwa haya uliyoyaandika sioni mkosaji. Mama aache kumnunia baba na shangazi ashushe hasira, halafu muyasome haya mkiwa wote, maana kilichombana baba ni mwili wake mwenyewe uliokuwa unajitibu ukapitiliza.

Iko hivi. Ukuta wa ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni, una tabaka tatu. Ya nje ni nyuzi ngumu, na humo ndo zimo neva. Ya katikati ni misuli laini, ile inayobana na kulegeza mshipa bila wewe kuiamuru. Ya ndani kabisa, inayoguswa na damu, ni utando wa seli zilizopangwa safu moja tu, moja ubavuni mwa mwenzake kama vigae vya sakafuni, wataalamu wanauita endothelia. Wembamba wake ni wa ajabu, kwenye unene wa unywele mmoja ungepanga tando kama hizo makumi. Lakini kazi yake sasa! Huo ndo unaozuia damu isigande ikiwa safarini, ndo unaoiambia misuli ilegee, ndo unaoamua chembe gani ipenye ukutani na ipi iendelee na safari. Na utando ukiwa mzima misuli ya katikati inatulia, haizaliani ovyo, inabana na kulegea basi.

Sasa fikiria puto linapanuliwa mle ndani kwa nguvu inayotosha kupasua mafuta magumu yaliyokaa miaka. Hakuna namna vile vigae vikabaki. Vinafutika. Chini yake kuna nyuzi za kolajeni ambazo damu haikutakiwa izione kabisa, na damu ikishaona kolajeni inaelewa kitu kimoja tu: hapa pametoboka. Haijui kwamba ni daktari ndo kapita, haijui kwamba safari hii hakuna damu inayomwagika nje.

Ndani ya sekunde chache kuna protini moja, faktori ya von Willebrand (imepewa jina la daktari wa Finland aliyeeleza ugonjwa wa kuikosa mwaka 1926), inajibandika kwenye ile kolajeni na kunyooka kama kamba, na chembe sahani, vijichembe vya damu vya kuzibia tundu, zinazopita mbio na mkondo zinaidaka kamba ile, zinapunguza mwendo, zinabiringika kidogo halafu zinang'ang'ania. Chembe sahani ni nyingi mno, kwa kawaida mikrolita moja tu ya damu ina 150,000 hadi 450,000. Zikishajishika zinabadilika umbo, zinaota mikono, zinamwaga kemikali za kuita nyingine, mojawapo ni thromboksani ambayo pia inaubana mshipa. Juu yake unasukwa wavu wa fibrini, nyuzi za protini. Mpaka hapo ni msaada mtupu, ungekuwa umejikata na kisu ungeshukuru.

Tatizo linaanza na zile salamu zinazopenya ndani ya ukuta. Chembe sahani zinamwaga pia vichocheo vya kukuza seli, chembe nyeupe za damu zinafika na vya kwao, na misuli laini ya katikati ambayo ilikuwa imetulia zake inaamka. Inaacha kazi ya kubana, inageuka fundi ujenzi. Kwa panya wa maabara jambo hili limehesabiwa siku kwa siku: siku ya kwanza na ya pili seli za misuli zinaanza kugawanyika, kama siku ya nne zinaanza kupenya kwenye vitundu vya lile pazia la nyuzi za kunyumbuka linalotenga katikati na ndani, na zikishafika ndani zinazaliana na kumwaga kolajeni na ute mzito wa kujengea, wiki mbili tu tabaka jipya limejaa. Kwa binadamu inachukua miezi, ndo maana baba alikaa vizuri kabisa halafu mwezi wa sita akaanza kubanwa. Hiyo miezi sita ni saa ya kovu, karibu kila daktari wa moyo anaijua.

Kwa hiyo mwambie mama: kilichokua ndani ya stenti ya baba kwa sehemu kubwa ni kovu, sio mafuta ya sahani ya juzi. Chakula kina mchango wake kwenye ugonjwa wa miaka mingi, sibishi, ila hili la miezi sita ni kidonda kilichopona kwa fujo.

Nani anaiambia misuli sasa basi? Ni ule ule utando wa ndani ukirudi. Seli zilizobaki pembezoni mwa kidonda, na zile za midomo ya vijitawi, zinajigawa na kutambaa kuja katikati, na zikishatandaza zinatoa gesi ya nitriki oksaidi na vitu vya jamii ya heparini (ile dawa ya kuzuia damu kuganda) vinavyoituliza misuli. Yaani ni mashindano. Utando ukiwahi, kovu linabaki jembamba. Utando ukichelewa, mafundi wanaendelea kujenga maana hakuna wa kuwaambia nyumba imeisha.

Andreas Grüntzig alipofanya upanuaji wa kwanza wa mshipa wa moyo kwa puto, Zurich, Septemba 1977, mgonjwa alipona na dunia ikashangilia, na kweli ilistahili. Baadaye ikaonekana kati ya watu 10 waliofanyiwa puto peke yake, watatu au wanne mshipa unajibana tena. Stenti za kwanza ziliwekwa Ufaransa 1986, zikazuia ukuta usijikunje ukarudi, ila kovu halikuzuilika na chuma, ikabaki kama wawili au watatu kati ya 10. Baba yako ni mmoja wa hao. Hakuharibu mtu.

Dawa iliyobadilisha hesabu inaitwa sirolimasi, na asili yake napenda kuisimulia kila nikipata nafasi: ilitokana na bakteria wa udongo uliochukuliwa Kisiwa cha Pasaka, kule katikati ya Pasifiki. Inazuia seli zisigawanyike. Mwaka 1999 daktari Eduardo Sousa na wenzake wa São Paulo wakaanza kuweka stenti zilizopakwa dawa hiyo, na kujibana upya kukashuka sana, chini ya mmoja kati ya 10 kwa wagonjwa wengi. Baba anaweza kuwekewa stenti ya namna hiyo ndani ya ile ya zamani, au puto lililopakwa dawa, na wengine hupelekwa kwenye baipasi, operesheni ya kuunga mshipa mwingine damu ipite pembeni, kutegemea mshipa wenyewe na hali ya moyo. Mwulizeni daktari wake maswali mawili: pamejibana kiasi gani, na kwa nini anachagua njia hii badala ya ile. Ila kifua kikibana akiwa amekaa tu, au kikabana dakika 15 hakiachii, hapo hakuna kusubiri kliniki, ni kukimbia hospitali muda huo huo.

Swali: Dokta, mimi ni mama wa miaka 58, nina stenti yenye dawa, huu mwezi wa tatu. Nameza aspirini na klopidogreli kila siku. Nikipiga mswaki fizi zinatoka damu, nikijigonga kidogo tu napata alama ya bluu. Wiki ijayo nang'oa jino na jirani kaniambia niache vidonge vyote siku tano kabla. Niache?

Jibu: Hapana dada yangu, usiache. Nakuomba sana. Piga simu kliniki ya moyo leo, waambie kuna jino, na mwambie daktari wa meno una stenti ya miezi mitatu. Wenyewe wazungumze.

Soma jibu la hapo juu halafu urudi hapa. Nimesema ile dawa kwenye stenti inazuia misuli isizaliane, sawa, lakini dawa haichagui. Inazuia na seli za utando zisitambae haraka. Kwenye stenti ya chuma kitupu utando unakuwa umefunika vizuri ndani ya wiki chache, kwenye yenye dawa ni miezi. Kwa hiyo ndani ya moyo wako sasa hivi yaelekea kuna vijiti vya chuma ambavyo bado viko uchi, damu inavipitia kila mapigo, na kinachozuia chembe sahani zisirundikane hapo ni hivyo vidonge viwili. Ukiviacha, donge la damu linaweza kuziba stenti yote kwa dakika, na hiyo sio kama kujibana pole pole kwa baba wa msomaji aliyetangulia ambako unapata onyo la wiki nzima. Hii ni hati ataki (mshtuko wa moyo) ya ghafla, na inaua.

Kuhusu fizi na alama za bluu, hiyo ni dalili kwamba vidonge vinafanya kazi, inakera lakini inavumilika. Aspirini ikishaigusa chembe sahani imeinyima uwezo wa kutengeneza thromboksani mpaka chembe hiyo ife, na chembe sahani inaishi siku 7 hadi 10. Ndo maana huyo jirani kasikia habari za siku tano, ni hesabu ya kusubiri chembe mpya zizaliwe, na kwa operesheni fulani kubwa hesabu hiyo inatumika kweli, ila kwa amri ya daktari wa moyo anayejua umri wa stenti yako. Jino moja mara nyingi linang'olewa ukiwa unaendelea na dawa, daktari wa meno anakandamiza na gozi muda mrefu zaidi, anaweka mshono, anaweka dawa ya kugandisha palepale.

Cha kukimbilia hospitali ni choo cheusi kama lami, kutapika damu, kichwa kuuma ghafla kuliko ulivyowahi kuumwa, au damu isiyokata baada ya kukandamiza. Na muda wa vidonge viwili pamoja, kwa wengi ni miezi 6 hadi 12, halafu kimoja kinaendelea. Wako utapangiwa kutokana na kilichokupeleka, hati ataki au maumivu ya kawaida, na pia hatari yako ya kutoka damu.

Swali: Kaka yangu kalazwa siku nne kwa homa, akatoka. Mkono ulipokaa dripu, mshipa umekuwa mgumu kama kamba, mwekundu, ukimgusa anaruka. Nesi alimchoma vibaya?

Jibu: Sio lazima. Kipande cha plastiki kikikaa ndani ya vena, mshipa unaorudisha damu moyoni, siku kadhaa kinasugua utando ule ule niliokuwa nausema, na dawa nyingine zinazopitishwa ni kali zinauunguza. Utando ukishachubuka, chembe sahani na fibrini zinakuja kama kawaida yao, tofauti tu ni kwamba kwenye vena damu inatembea taratibu, kwa hiyo donge linapata nafasi ya kukaa na ukuta unavimba. Mjerumani Rudolf Virchow katikati ya karne ya 19 ndo aliyetuachia mtazamo tunaoutumia mpaka leo, kwamba donge linataka mambo matatu: ukuta ulioumia, mwendo wa damu uliopungua, na damu yenyewe kuwa rahisi kuganda. Mkono wa kaka yako ulikuwa na mawili ya kwanza, na mtu mwenye homa na maambukizi huwa na la tatu pia.

Anyanyue mkono anapokaa, aweke kitambaa cha uvuguvugu mara kadhaa kwa siku, na dawa ya maumivu aliyoruhusiwa. Asiuchue wala asiukande kwa nguvu. Maumivu yanaisha siku chache, ile kamba inaweza kuchukua wiki nyingi ndo ilainike, asiogope. Arudi hospitali mara moja akipata homa tena, usaha, wekundu unaopanda mkono, mkono mzima kuvimba, au pumzi kukata.

Na siku nyingine akilazwa, dripu ikianza kuwaka moto au pakivimba aseme saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane na nesi kachoka. Wagonjwa wetu wanavumilia mno, wanaona aibu kusumbua, na mshipa unaharibika kimya kimya.

Swali: Shikamoo. Nasoma baiolojia. Mwalimu kasema zamani watu waliona utando wa ndani wa mshipa kama plastiki ya kufungia tu, hauna kazi. Waligunduaje kwamba una kazi?

Jibu: Marahaba mwanangu, umenifurahisha. Mwalimu wako yuko sahihi na kisa chenyewe kimeanza na mtu kukosea mpangilio wa kazi.

Marekani kulikuwa na mtaalamu wa dawa, Robert Furchgott. Miaka mingi alikuwa anakata vipande vya aota (ateri kubwa inayotoka moyoni) ya sungura, anavining'iniza kwenye maji ya chumvi yenye oksijeni, anaunganisha na kifaa cha kupima mvuto, anadondosha kemikali aone mshipa unabana au unalegea. Kemikali moja, asetilikolini, kwenye vipande vyake ilikuwa inabana. Ajabu ni kwamba ukiichoma kwenye mnyama mzima, mishipa inalegea na presha inashuka. Hakuna aliyekuwa na jibu la kueleweka.

Mwaka 1978 msaidizi wake wa maabara akafanya hatua za jaribio nje ya mpangilio alioandikiwa, na kile kipande, badala ya kubana, kikalegea. Mtu mwingine angesema rudia vizuri. Furchgott akauliza kimelegea kwa nini. Kufuatilia akagundua kwamba tofauti ilikuwa kwenye maandalizi: vipande vya zamani, wakati wa kuvikata na kuvishika, uso wa ndani ulikuwa unasuguliwa bila mtu kukusudia, na kusugua kidogo tu kunatosha kuuondoa ule utando wote. Chenye utando kinalegea. Kilichosuguliwa kinabana. Dawa ile ile, sungura yule yule.

Halafu akafanya kitu ambacho mi nakipenda kuliko vyote. Akachukua kipande kilichosuguliwa, akakilaza uso kwa uso na kingine chenye utando, kama unavyofunika mkate kwa mkate, akaweka asetilikolini. Kile kisicho na utando, ambacho peke yake kingebana, kikalegea! Maana yake kuna kitu kilitoka kwenye utando wa mwenzake kikavuka na kuingia kwake. Alichapisha kazi hiyo mwaka 1980 na mwenzake John Zawadzki. Miaka ya 1986 na 1987 ikajulikana kitu chenyewe ni gesi, nitriki oksaidi, na mwaka 1998 Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad wakapewa Tuzo ya Nobel. Kile kidonge cha nitrogliserini ambacho wagonjwa wa moyo wanaweka chini ya ulimi kinafanya kazi kwa kutoa gesi hiyo hiyo, kilikuwa kinatumika tangu karne ya 19 bila mtu kujua kwa nini.

Ukirudi kwa mwalimu mwambie hivi: mshipa uliochubuka unapoteza mlinzi wa kuzuia damu isigande na pia unapoteza mlegezaji, kwa hiyo donge linakuja na mshipa unajibana juu ya donge, yote mara moja. Kwa kidonda cha nje ni bahati. Kwa mshipa wa moyo au wa ubongo ni janga.

Swali: Mbona mshipa ukiumia ndani hatusikii chochote?

Jibu: Kwa sababu neva ziko tabaka la nje, kwenye utando wa ndani hazipo. Halafu kuna jambo lingine alilolionyesha daktari wa Marekani Seymour Glagov na wenzake mwaka 1987: uchafu wa mafuta ukiota ukutani, ateri ya moyo inajitanua kwa nje kupisha, njia ya damu inabaki pana ile ile mpaka uchafu ufike kama asilimia 40 ya eneo la mshipa, hapo ndo njia inaanza kuwa nyembamba. Kwa hiyo mtu anakuwa na ugonjwa miaka na miaka, anakimbia, anabeba mizigo, hasikii kitu. Anayesema "mi mzima maana siumwi popote" hana ushahidi wowote, apime presha, sukari na lehemu (kolesteroli).

Swali: Dokta mambo. Nina miaka 31, navuta sigara pakiti moja kwa siku tangu nina miaka 19. Hakuna puto lililoingia kwangu wala stenti. Je mimi pia nina hivyo vidonda? Nikiacha utando unarudi? Kuna dawa nimeziona mtandaoni za kusafisha mishipa, wanasema zinatoa uchafu wote siku 30.

Jibu: Poa mdogo wangu, na ahsante kwa kuuliza ukiwa na miaka 31 badala ya 55.

Mwaka 1973 Russell Ross na John Glomset, wote wa Marekani, walitoa wazo kwamba ugonjwa wa mafuta ukutani mwa mishipa kimsingi ni jibu la mshipa kwa jeraha la utando wake, yaani hadithi ile ile ya puto lakini ya taratibu, miaka 30 badala ya miezi sita. Mwanzoni wengi walidhani vigae vinabanduka kabisa, moshi unavibandua, presha inavibandua. Walipoangalia kwa darubini zenye nguvu wakakuta sehemu nyingi vigae vipo, vimefunika, ila vinaumwa. Na kwangu hii inatisha kuliko kubanduka. Utando unaoumwa unatoa nitriki oksaidi kidogo, unavujisha lehemu kuingia ukutani, na unaota vinasio vya kudaka chembe nyeupe ambazo kwa kawaida zingepita zao. Chembe nyeupe zinaingia, zinameza lehemu mpaka zinavimba kama povu, zinafia humo. Misuli laini inahamia juu yake na kujenga kifuniko cha kolajeni, yaani kovu kama la stenti, safari hii likiwa linajaribu kuifungia takataka isimwagike. Kifuniko kikiwa kinene unaweza kuishi nacho. Kikiwa chembamba kikapasuka siku moja, damu inaiona takataka yote kwa mpigo, na unajua tayari kinachofuata.

Ndo maana ugonjwa hauoti popote, unapenda njia panda, pale mshipa unapogawanyika na damu inajizungusha badala ya kunyooka. Seli za utando zinapenda mkondo ulionyooka, hata umbo lake linalala kuelekea unakokwenda mkondo, na pale penye vurugu zinakaa shaghalabaghala na zinavuja.

Wewe vidonda vya puto huna. Utando unaoumwa, kwa sigara pakiti moja miaka 12, karibu hakika unao. Mwaka 1992 watafiti wakiongozwa na David Celermajer walipima jambo hili bila kuingiza sindano: unafunga mkono kwa kile kitambaa cha kupimia presha dakika tano, unaachia, damu inarudi kwa kasi, na kwa kipimo cha alitrasaundi unaangalia ateri ya mkono imetanuka kiasi gani. Utando mzima unajibu kasi ile kwa kutoa nitriki oksaidi na ateri inatanuka. Kwa vijana wavutaji, wasio na dalili yoyote, ilitanuka kidogo mno. Mwaka uliofuata wakaonyesha kwamba waliovuta zaidi waliharibika zaidi, na walioacha walikuwa na hali bora kuliko wanaoendelea. Kwa hiyo jibu la swali lako la pili ni ndiyo, utando unarudisha uwezo, sio kwa siku moja na sio kwa kila mtu sawasawa, lakini ni kiungo hai, seli zake zinazaliwa upya, zinachotaka ni uache kuzipiga kila saa. Kufanya mazoezi ya kutoa jasho nako kunasaidia, kwa sababu ile ile ya mkondo wenye kasi. Presha ikiwa juu ishushwe, sukari vivyo hivyo, na lehemu ikizidi kuna dawa za kuishusha, statini, ambazo zimethibitishwa.

Hizo dawa za siku 30 achana nazo. Ule uchafu haujabandikwa juu ya ukuta kama masizi ya sufuria hata useme utausugua utoke, uko ndani ya ukuta, chini ya utando, umefunikwa na kovu lililojengwa na mwili wako. Kitu chenye nguvu ya kuung'oa kwa mwezi mmoja kingeng'oa na kifuniko chake, na mimi nimetumia kurasa mbili hizi kueleza damu inafanya nini ikikuta kifuniko kimeng'oka. Hiyo hela peleka kwenye dawa za kukusaidia kuacha sigara, viraka vya nikotini vipo na vidonge vipo, na muulize mfamasia au kliniki ya karibu wakupangie. Watu wengi wanashindwa jaribio la kwanza na la pili, ukishindwa usione umekwisha, anza tena wiki ile ile.